Mjumbe Wetu Amesema Nini, Ameuliza Nini, Amepiga Kura Gani?

Watu wa Mumbuni, kama Wakamba wengine wa vilima vya Machakos, wamezoea tangu zamani kuchimba matuta ya mashamba kwa mwethya, yaani kwa kazi ya kusaidiana. Katika mwethya hakuna fumbo. Aliyekuja na jembe lake anaonekana na wote, na aliyebaki nyumbani anajulikana kwa jina. Walakini mtu yule yule anayemkumbuka kwa miaka mitatu jirani aliyekosa kuja kuchimba, akiulizwa mjumbe wake wa Bunge alipigaje kura mwezi uliopita, hunyamaza kimya, ama hujibu, "Hayo ni mambo ya Nairobi." Nairobi si mbali. Kutoka Machakos ni mwendo wa kilometa 60 na kidogo tu, na yanayoamuliwa huko hufika Mumbuni upesi kuliko mvua: bei ya mafuta ya taa, kodi ya mafuta ya kupikia, fedha za shule na za barabara.

Mwenye kura katika wadi ya Mumbuni Kaskazini anawakilishwa Nairobi na watu watatu: mbunge wa Machakos Mjini, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na seneta. Wa nne ni mjumbe wa wadi katika Baraza la Kaunti. Kila mmoja wao anapofungua kinywa chake barazani, maneno yake huandikwa. Kitabu cha Bunge kinachochukua maneno hayo huitwa Hansard, kwa jina la mpiga chapa wa London, Thomas Curson Hansard, ambaye alichapisha majadiliano ya Bunge la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Si muhtasari wa mwandishi wa gazeti, wala si habari ya mtu aliyesimuliwa na mwenziwe. Ni maneno ya mjumbe mwenyewe, hata yale ambayo baadaye angependa yasahauliwe.

Ili kufahamu thamani ya kitabu hicho, yafaa kukumbuka wakati ambapo watu wa Machakos hawakuwa na ukurasa hata mmoja ndani yake. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, hakuingia humo mpaka mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Kabla yake mambo ya Waafrika yalisemwa na Wazungu walioteuliwa na Gavana. Basi mwaka 1938, Serikali ilipoamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu kwa sababu ya kumomonyoka kwa ardhi, na mifugo ikakamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, hapakuwa na mjumbe wa kusimama na kuuliza, "Ni ng'ombe wangapi, na kwa bei gani?" Watu walikwenda kuuliza wenyewe kwa miguu yao. Mwezi wa Julai, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walitembea mpaka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor majuma kadhaa wakimngoja Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ulikomeshwa. Swali ambalo siku hizi mjumbe huliuliza kwa dakika mbili, akiwa ameketi mahali penye kivuli, liliwagharimu watu wale safari ndefu, njaa na kifungo.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane, na wapiga kura wa Ukambani wakamchagua Bwana James Nzau Muimi. Haikuwa kura ya kila mtu. Mtu alipewa kura moja, mbili au tatu kwa kadiri ya elimu yake, mapato yake, mali yake au kazi aliyoitumikia Serikali. Hata hivyo, tangu siku ile Ukambani ulikuwa na jina lake katika Hansard, ingawa kitabu chenyewe kilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa waliompigia kura hawakuweza kuisoma. Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni mwaka 1974, na Katiba ya mwaka 2010 imekitaja pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Mjumbe akisema Kiswahili, Hansard huandika Kiswahili.

Je, kuna faida gani kusoma kura za wajumbe? Mwaka 1975 unatoa jibu. Mwezi wa Machi mwaka huo mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Ripoti ilipoletwa mwezi wa Juni, Serikali haikutaka ikubaliwe. Kura zilihesabiwa: 62 waliikubali, 59 waliikataa. Katika wale waliokubali alikuwamo Waziri, Bwana Masinde Muliro, pamoja na Mawaziri Wadogo wawili, Bwana Peter Kibisu na Bwana John Keen. Wote watatu walifukuzwa kazi mara moja. Maana yake ni kwamba hesabu ya kura ilisomwa kwa makini sana siku ile ile, jina kwa jina, na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuadhibu. Wapiga kura wa kawaida ndio walioachwa nyuma katika kuisoma.

Tena mwaka ule ule, mwezi wa Desemba, Katiba ilibadilishwa kwa haraka kubwa ili Rais aweze kumsamehe mtu aliyezuiliwa kugombea kiti kwa kosa la uchaguzi. Kila mtu alijua sheria ile ilitungwa kwa ajili ya Bwana Paul Ngei, mbunge wa Kangundo, mwana wa Machakos. Wengi Ukambani walifurahi. Pengine walikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa Ngei alifungwa pamoja na Kenyatta na hakuna aliyesahau. Lakini mwenye kufuata kura za mjumbe wake asizifuate zile zinazomwudhi peke yake. Sheria iliyobadilishwa alasiri moja kwa ajili ya mtu tunayempenda inaweza kubadilishwa alasiri nyingine kwa ajili ya mtu tusiyempenda.

Baada ya nchi kuwa huru, kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida alipata shida kuipata Hansard. Mwaka 2005 Bi Ory Okolloh, mwanasheria, na mwenzake Bwana Conrad Akunga walianzisha tovuti waliyoiita Mzalendo, ili majina ya wabunge na mambo wanayoyasema yakusanywe mahali pamoja. Sababu yake inachekesha kidogo. Tovuti ya Bunge lenyewe ilikuwa imefungwa baada ya wabunge wengine kunung'unika kwamba habari za masomo yao na kazi zao zimewekwa wazi. Leo Hansard inapatikana katika tovuti ya Bunge, na yeyote mwenye simu yenye intaneti aweza kuifungua akiwa sokoni. Shirika la Mzalendo nalo hutoa kila mwaka hesabu ya waliosema sana na waliokaa kimya.

Hapa yafaa msomaji awe mwangalifu, maana hesabu inaweza kumdanganya. Mbunge aliyesimama mara hamsini kusema "Jambo la nidhamu, Bwana Spika" atamshinda kwa hesabu yule aliyesimama mara tatu na kuchambua Makadirio ya Fedha ukurasa kwa ukurasa. Tena wako wanaofanya kazi kubwa katika kamati, ambako maneno yao hayahesabiwi pamoja na ya Bunge zima. Huko Uingereza, ambako tovuti ya namna hii iitwayo TheyWorkForYou ilianzishwa mwaka 2004, wabunge wengine walilaumiwa kwa kusimama na kusema vijambo vidogo vidogo ili namba zao zipande. Basi kuhesabu ni mwanzo tu. Baada ya kuhesabu ni lazima kusoma.

Swali la mjumbe, kwa mfano, halisomwi mara moja. Tuseme mbunge ameuliza ni lini maji ya bwawa la Maruba yatafika vijiji fulani. Siku ya kuuliza huandikwa, na picha yake huenda ikasambazwa na wasaidizi wake katika simu za watu wote wa wadi. Lakini kuna siku ya pili, ya kujibiwa, na hiyo haina picha. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010 mawaziri walikuwa wabunge na walijibu hapo hapo barazani. Baada yake hawakuwa wabunge tena, wakawa wanajibu mbele ya kamati, mpaka mwaka 2023 walipoanza kuitwa kujibu mbele ya Bunge zima. Msomaji atafute jibu lile, aandike kando ahadi iliyotolewa na mwezi wake, kisha aangalie kama mjumbe aliuliza tena mwezi ule ulipopita. Aulizaye mara moja tu, huenda hakuwa na haja ya jibu.

Kura ndiyo ngumu kuliko zote. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika huwaambia wanaokubali waseme "Ndiyo", na wanaokataa waseme "La", kisha huamua kwa sikio lake. Hansard huandika kwamba jambo limekubaliwa, basi. Hakuna jina. Mjumbe aliyepiga kelele ya "Ndiyo" aweza kurudi Machakos Ijumaa na kusema alikataa, na hapana kitabu cha kumsuta. Majina huandikwa wabunge wa kutosha wanapodai kura ihesabiwe, au pale Katiba inapotaka theluthi mbili. Kwa hiyo mtu wa Mumbuni akikutana na mbunge wake, asiulize tu alipiga kura gani. Aulize pia kama alisimama kudai majina yaandikwe.

Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 uliwaonyesha Wakenya kazi ya majina. Tarehe 20 Juni, katika kusomwa mara ya pili, 204 waliukubali na 115 waliukataa. Tarehe 25 Juni, katika kusomwa mara ya tatu, 195 waliukubali na 106 waliukataa, na kura 3 ziliharibika. Orodha za majina zilienea nchini kwa saa chache. Siku hiyo ya 25 vijana waliingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi walisoma orodha wakitafuta waliosema ndiyo na waliosema la. Wachache walitafuta kundi la tatu. Bunge la Taifa lina wabunge 349 pasipo kumhesabu Spika. Ukijumlisha kura za siku ya kwanza, wapatao 30 hawamo upande wowote. Siku ya pili hawamo wapatao 45. Pengine mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine safarini kwa kazi ya nchi. Lakini mkulima anayelipa kodi ana haki ya kumwuliza mjumbe wake alikuwa wapi, na Katiba yenyewe inamwondoa kitini mbunge anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa ya Spika kwa maandishi na bila maelezo ya kuridhisha.

Asiyeweza kufuata mambo ya Nairobi anaweza kuanza nyumbani. Baraza la Kaunti ya Machakos nalo linatakiwa na Katiba kufanya kazi yake mbele ya watu, na mjumbe wa Mumbuni Kaskazini hukaa humo pamoja na wenzake kupitisha fedha za barabara, zahanati na masoko. Mtu akimaliza kazi ya shamba mapema siku ya kikao, aweza kuchukua daftari na kalamu, akateremka mjini, akaketi mahali pa wageni na kuandika mwenyewe nani alikuja, nani alisema, na kuhusu nini.