Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Chuo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo katika Kenya, shauri moja huingia katika nyumba nyingi. Kijana amefaulu, jamaa wamefurahi, kisha huulizwa fedha za kumpeleka chuoni zitatoka wapi. Ng'ombe wa maziwa huuzwa. Mahali pengine hukatwa ekari moja ya shamba. Baada ya miaka minne huenda kijana akarudi nyumbani na shahada lakini kazi hana, na ile ekari yalimwa na mtu mwingine. Ndipo majirani husema kwamba chuo hakina faida. Neno hilo si la kweli, lakini wenye kulisema wana sababu yao, na yafaa sababu hiyo ichunguzwe.

Wazee waliokiamini chuo hawakukosea. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, nafasi nyingi za utawala, ualimu na udaktari zilihitaji watu, na Waafrika waliosoma hadi chuo walikuwa wachache mno. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1970, kilikuwa peke yake nchini hata mwaka 1984, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Moi. Katika miaka ile kijana aliyetoka chuoni alikuta kazi ikimngojea, na mshahara wake ukasomesha wadogo zake.

Hali hiyo imepita. Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985, Egerton mwaka 1987, na Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia mwaka 1994. Leo vyuo vikuu nchini ni makumi kadhaa. Cheti kilichokuwa mkononi mwa mmoja sasa kimo mikononi mwa mamia, wala meza za ofisini hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Basi mzazi anayemtuma mtoto wake chuoni kwa matumaini ya mwaka 1965 ajua bei ya zamani, naye anunua katika soko la leo.

Hata hivyo ziko kazi ambazo hazifanyiki bila chuo. Hapana mtu awezaye kuwa daktari, muuguzi au mwalimu kwa kubahatisha. Fundi wa umeme naye, ijapokuwa hutumia mikono yake, hapana budi awe na leseni, na njia ya kuipata hupitia mafunzo na vyeti. Kwa hiyo swali lifaalo si kama kijana aende chuoni au asiende. Swali ni hili: anakwenda kujifunza kazi gani, na ni nani anayeihitaji kazi hiyo?

Kosa kubwa la watu wengi ni kudhani kwamba elimu ni kuepuka kazi ya mikono. Historia yaonyesha kinyume. Makerere, kule Uganda, kilipoanza mwaka 1922 kilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Egerton kilianzishwa karibu na Njoro mwaka 1939 kuwa shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, kilichopokea wanafunzi mwaka 1951, ndicho kilichokua hata kikaitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Vyuo hivyo vyote vilianza kwa jembe, randa na spana. Ni ajabu basi kuona mzazi akiona haya kusema kwamba mtoto wake anasomea ufundi bomba.

Mfano mwingine ni Wangari Maathai, binti wa Nyeri. Alikwenda Marekani mwaka 1960 kusoma elimu ya viumbe, na mwaka 1971 akapata shahada ya juu kabisa katika Nairobi. Lakini jina lake halikujulikana duniani kwa shahada hiyo peke yake. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani, ambao wengi wao hawakupata kufika chuoni. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Elimu yake ilizaa iliposhuka udongoni. Tena yafaa ikumbukwe kwamba aliyesomeshwa alikuwa msichana. Nyumba ikiwa na karo ya mtoto mmoja tu, si haki mvulana achaguliwe kwa sababu ya kuwa mvulana.

Sasa ije hesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu mwaka 1995 iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wamekopeshwa kwa riba ya 4 kwa mia kwa mwaka. Mathalani, deni la shilingi 200,000 huzaa riba ya shilingi 8,000 kwa mwaka. Deni hilo ni mzigo, lakini hulipwa kwa mshahara wa baadaye. Shamba likiisha kuuzwa halirudi. Ni afadhali familia ikope kwa kiasi na kuuza mazao ya shamba, kuliko kuuza shamba lenyewe ambalo ni chakula cha wadogo waliobaki.

Tena njia si moja. Anayetaka shahada hutakiwa kupata alama ya C+ katika mtihani. Stashahada hutaka C-, na cheti cha ufundi D. Aliyeanza na cheti aweza kufanya kazi, akaweka akiba, kisha akapanda hadi stashahada na hata shahada kwa fedha zake mwenyewe. Huyo hakuchelewa, amepanda ngazi akiwa ameshiba.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi na kijana waketi pamoja waulize mambo manne. Je, chuo hiki kimesajiliwa na serikali? Je, somo hili limekubaliwa na bodi ya kazi yenyewe, kama vile ile ya wahandisi? Je, waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Je, kijana mwenyewe aipenda kazi hii, au ni fahari ya baba tu?

Majibu yakiwa mema, kijana na aende, na jamaa wamsaidie bila manung'uniko. Yakiwa mabaya, atafute somo jingine au chuo kingine, na ekari ile ibaki mahali pake.