Oregon: Serikali Iliyotokana na Ng'ombe wa Marehemu

Oregon ni jimbo la Marekani lililo kwenye pwani ya Pasifiki. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 254,800 hivi, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 4,237,256. Makao makuu yako Salem, lakini mji mkubwa ni Portland. Magharibi mwa milima ya Cascade mvua hunyesha sana. Mashariki ni kukavu. Wanalima ngano na zabibu, wanakata mbao. Mengine yamo kwenye vitabu vya jiografia. Mimi nilikwama Champoeg.

Champoeg ni hifadhi ya jimbo kando ya mto Willamette, kusini mwa Portland. Watu huenda kupiga kambi. Kuna meza, mahali pa kuwashia moto na mabafu ya maji moto, na ikifika saa nne usiku kelele ni marufuku. Basi.

Wenyeji wa bonde hilo ni Wakalapuya. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 waliteketezwa na homa ambayo wanahistoria wengi wanaamini ilikuwa malaria, adui wetu huyu huyu. Kwenye ardhi yao wakalowea wawindaji wa ngozi wenye asili ya Kifaransa kutoka Kanada, kisha Wamarekani. Uingereza na Marekani zote ziliidai nchi hiyo, wala hakuna iliyoitawala.

Ng'ombe waliokuwapo walikuwa wa kampuni ya Hudson's Bay, nayo ilikuwa ikiazimisha tu, haiuzi. Mwaka 1837 Ewing Young na wenzake wakaenda California, wakaswaga ng'ombe zaidi ya 600 kupita milimani hadi bondeni. Young akatajirika. Februari 1841 akafariki, bila wosia, bila mrithi anayejulikana.

Hapo ndipo niliposahau hata kupika. Ng'ombe wale ni wa nani? Nani agawe, kwa sheria ipi, wakati nchi haina serikali? Majirani waliotoka kumzika wakakutana, wakamteua daktari mmoja, Ira Babcock, awe hakimu wa mirathi. Mapema 1843 wakakutana tena kwa ajili ya mbwa mwitu waliokuwa wakila mifugo. Wakapanga zawadi: dola 3 kwa mbwa mwitu mkubwa, dola 5 kwa puma. Lakini zawadi inataka mchango, na mchango unataka mwenye mamlaka ya kuukusanya. Tarehe 2 Mei 1843, pale Champoeg, wakagawanyika pande mbili uwanjani. Inasimuliwa kwamba waliotaka serikali walikuwa 52 na waliokataa 50.

Kwetu Tanzania pia marehemu huitisha mkutano. Kikao cha ukoo kinamteua msimamizi, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, kisha ndugu wanakaa miaka hawasalimiani. Wosia tunauogopa kana kwamba kuuandika ni kujiitia mauti, ingawa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wapo na wanauhifadhi. Na viwanja ambako wazee wetu waliamua mambo makubwa tunavipima na kuviuza, bila hata kibao cha bati.

Champoeg hapana mji tena. Desemba 1861 Willamette ilifurika ikausomba. Waliobaki wangeweza kupalima mahindi tu. Badala yake, leo vigingi nyasini vinaonyesha mitaa ilipopita, na mnara wa 1901 unaonyesha mahali pa kura.

Na ile mirathi? Sehemu ya fedha zake serikali changa iliitumia kujenga gereza Oregon City. Miaka ya 1850 akajitokeza Joaquin Young kutoka New Mexico, akisema yeye ni mwana wa marehemu. Akadai haki yake, akalipwa. Serikali iliyozaliwa na mali ya mtu ilikuwa imekua kiasi cha kuweza kushtakiwa na mwanawe na kumlipa, na kwa kipimo hicho ningependa tuzipime na za kwetu.