Ngano ya Misri na Askofu wa Aleksandria

Arius, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na kwamba hakuwapo tangu milele pamoja na Baba. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea uliyakataa mafundisho hayo. Athanasius, wakati huo shemasi, alihudhuria akiwa na askofu wake Alexander, akarithi kiti chake mwaka 328. Imani ya Nikea aliishikilia hadi kufa. Lakini maadui zake walipotaka kumwangusha, hawakuanza na teolojia.

Walianza na mauaji. Mwaka 335, katika kikao cha maaskofu mjini Tiro, alishtakiwa kwamba amemuua Arsenius, askofu wa wafuasi wa Meletius, kundi la Wakristo wa Misri lililopingana na Athanasius. Ukatolewa mkono wa maiti kuwa ushahidi. Wanahistoria wa Kanisa wa karne iliyofuata wanasimulia kwamba Arsenius aliingizwa barazani akiwa hai, amegubikwa joho. Athanasius akaufunua mkono mmoja, kisha wa pili, akawauliza washtaki huo wa tatu ulikatwa wapi. Hata hivyo kikao kilimvua uaskofu, kwa mashtaka mengine ya ukatili. Nayo hayakuwa uzushi mtupu: barua ya mafunjo ya wakati huohuo inaeleza jinsi wafuasi wake walivyowapiga watu wa Meletius. Tukimsifu, tusiwasahau waliopigwa.

Alikimbilia Constantinople kukata rufaa kwa Kaisari Constantine, na huko akakutana na shtaka lililomponza. Mji ule mpya ulikula ngano ya Misri, iliyoteremshwa kwa mto Nile na kupakiwa melini Aleksandria. Meli zikichelewa, mji unalala njaa, na wenye njaa huingia barabarani. Ilidaiwa kuwa Athanasius ametishia kuzizuia. Alijitetea kwamba yeye ni mtu maskini, hana ubavu huo. Constantine hakumsikiliza, akampeleka uhamishoni Trier, katika Ujerumani ya leo. Naona shtaka lile lilikuwa na nguvu kwa sababu liliaminika: Kanisa lake liligawa nafaka kwa wajane, na askofu mwenye kulisha watu ana jeshi lake hata kama halishiki upanga.

Alifukuzwa mara 5, chini ya watawala 4. Kati ya miaka 45 ya uaskofu, takriban 17 aliitumia nje ya kiti chake. Februari 356 askari wa Kaisari Constantius II, mwana wa Constantine, walivamia kanisa la Theonas usiku, watu wakiwa katika mkesha. Watawa na mapadri wakamtoa kimyakimya, naye akatokomea. Miaka iliyofuata alifichwa na wamonaki wa jangwani, na hapo kalamu yake ikawa kali kuliko wakati wowote.

Constantius hakuridhika na Misri. Athanasius alikuwa amemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, basi Kaisari akamwandikia mfalme Ezana na nduguye, akitaka Frumentius arudishwe Aleksandria akahojiwe na George, askofu aliyepandikizwa na serikali. Barua hiyo tunayo kwa sababu Athanasius mwenyewe aliinakili katika utetezi wake. George aliuawa na umati mwaka 361. Kanisa la Ethiopia liliendelea kupokea askofu wake mkuu kutoka Misri hadi katikati ya karne ya 20.