Shahada pekee haitoshi: Usambara yatoa somo kwa vyuo vikuu

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

WAHITIMU wengi wa vyuo vikuu nchini huingia katika soko la ajira wakiwa na vyeti vizuri, lakini hujikwaa pale wanapotakiwa kueleza jambo kwa lugha nyepesi, kumsikiliza asiyekubaliana nao au kuongoza kikao cha watu kumi.

Mwaka 2014, utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) ulionyesha kuwa asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kwa ajira. Kwa Uganda kiwango hicho kilikuwa asilimia 63, na kwa Kenya asilimia 51.

Sehemu ya upungufu huo ni kile kinachoitwa stadi laini, yaani uwezo wa kuwasiliana, kushirikiana, kusuluhisha migogoro, kutunza muda na kupokea kukosolewa. Jina hilo lisimdanganye mtu akadhani ni mambo mepesi. Stadi hizo ni vigumu kuzipima kwa mtihani wa maandishi, na ndiyo maana huachwa pembeni.

Funzo la matuta ya Mlalo

Gharama ya kuzipuuza inafahamika vema katika Milima ya Usambara. Mwaka 1946, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuokoa udongo uliokuwa ukisombwa na mvua, na baadaye ikaupanua hadi maeneo mengine ya milima hiyo.

Wataalamu wake hawakukosea waliposema mmomonyoko ni hatari. Walichokosa ni sikio. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, kazi nzito iliyowaelemea zaidi wanawake, na waliokaidi waliadhibiwa. Chuki ilikua, upinzani ukaenea, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango huo ulikuwa umevunjika.

Miaka ya 1980, mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa kifupi SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, ulikabili tatizo lilelile kwa namna nyingine. Ulihimiza kupanda miti na majani ya malisho kwa kufuata kontua, sambamba na kufuga ng'ombe wa maziwa zizini. Hivyo mkulima aliyezuia udongo usiporomoke alipata pia lishe ya mifugo yake.

Tofauti hiyo inamhusu mwanafunzi wa leo. Msitu wa Mazumbai, ulio katika milima hiyohiyo, uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ambacho huutumia kwa mafunzo na utafiti. Mwanafunzi anaweza kufundishwa kupima kipenyo cha mti kwa siku moja. Kuzungumza na mwanakijiji anayehitaji kuni, bila kumdharau wala kumtisha, huhitaji mazoezi ya muda mrefu.

Ndivyo ilivyo pia kwa fani nyingine. Chuo cha Sebastian Kolowa, kilichoanzishwa Magamba mwaka 2007 na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, kilijipatia jina kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu wa aina hiyo asipoweza kuketi na mzazi mwenye wasiwasi, shahada yake humsaidia mtoto kidogo sana.

Mjini Lushoto kipo pia Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Tangu mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayamfikii mwananchi iwapo mhudumu wa mahakama hajui kumweleza kwa utulivu hatua inayofuata katika shauri lake.

Zifundishwe vipi?

Vyuo vikuu vingi nchini vina somo la stadi za mawasiliano. Lakini mara nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, katika kumbi zilizojaa wanafunzi, na mkazo huwekwa kwenye uandishi wa insha na unukuzi wa vitabu. Mwanafunzi anaweza kumaliza muhula bila kusimama mbele ya wenzake hata mara moja.

Njia yenye manufaa zaidi ni vikundi vidogo na maigizo. Mmoja awe bwana shamba, mwingine awe mkulima anayekataa ushauri, kisha wabadilishane nafasi. Wenzao waeleze ni neno gani lilijenga na lipi lilibomoa.

Jambo la pili ni mafunzo kwa vitendo. Badala ya alama kutegemea zaidi ripoti ya mwanafunzi, maoni ya wenyeji waliompokea yahesabiwe pia: je, alifika kwa wakati? Aliuliza kabla ya kuelekeza? Alirudi kuwaeleza alichokipata?

Jambo la tatu ni lugha. Mwanafunzi aliyejifunza fani yake kwa Kiingereza apewe zoezi la kuieleza kwa Kiswahili fasaha, na anapokwenda kwa wazee wanaopendelea Kishambaa, ajue kumtumia mkalimani kwa heshima.

Hatua hizo hazihitaji majengo mapya. Zinahitaji muda katika ratiba, wahadhiri walioandaliwa na alama zitakazomfanya mwanafunzi azichukulie kwa uzito. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ni vema mhitimu akaondoka chuoni akijua namna ya kuuliza, kabla hajatumwa kijijini kuelekeza.