Maharagi ya bei chini yanaweza kukumalizia makala

Mwezi wa 6, ukifika asubuhi kwenye soko la Kadutu hapa Bukavu, unakuta mama wenye kutoka Kabare na Walungu wanafungua magunia ya maharagi yenye kuvunwa juzi juzi. Pembeni kuko ya msimu uliopita, na mara mingi bei yake iko chini kidogo. Wengi wetu tunachukua hayo ya bei chini. Ni hapo tunakosea hesabu.

Chakula tunakilipa mara mbili: sokoni, kisha kwenye babula. Mwaka jana nilinunua makopo mawili ya maharagi ya zamani, nikafurahi sana. Nilitia makala, nikaongeza, nikaongeza tena. Jua lilizama maharagi yakiwa bado magumu, watoto wakala bugali na chumvi.

Sababu ni moja. Maharagi yakikaa miezi mingi pahali penye joto na unyevu, yanakuwa magumu ndani, maji hayaingii vizuri. Hata moto mwingi hauyasaidii sana. Huku Kivu yanavunwa mara mbili: yenye kupandwa mwezi wa 9 yanatoka kuelekea mwezi wa 1, na yenye kupandwa mwezi wa 2 ao wa 3 yanatoka mwezi wa 6. Hizo ndizo nyakati za kujaza nyumba.

Namna ya kuyajua? Angalia rangi: mapya yanang'aa, ya zamani yamefifia na kuwa meusi-meusi, zaidi yale yenye rangi nyeupe ao ya manjano. Kama yangali mabichi, ukucha unaingia bila nguvu. Hayo mabichi yanaiva haraka kabisa. Kitunguu, tomati na mafuta kidogo ya mawese, basi. Kama umebaki na makavu, yalaze ndani ya maji usiku kucha, asubuhi umwage yale maji.

Mboga nayo ina wakati wake. Mvua ikianza, lenga-lenga inajaa kila pahali na bei inashuka. Dakika chache kwenye moto zinatosha, ukizidisha inakuwa uji. Kiangazi kikifika, nyingi inatoka mabondeni kwenye maji, na maji yale hayako safi kila mara. Ioshe vizuri, hata mara tatu.

Sambaza yeye hafuate mvua, anafuata mwezi. Wavuvi wa ziwa Kivu wanamuita na taa usiku. Mwezi ukiwa mzima, mwanga wa taa haumvute tena, samaki anakosekana na bei inapanda. Ngojea siku za giza. Siku hizo familia inakula sambaza wabichi, wenye kukaangwa na chumvi na pilipili tu.

Kuko kitu kimoja ambacho usipunguzie makala: sombe. Majani ya muhogo yana sumu, ile wanaita sianidi. Kutwanga ndiko kunaifungua, kisha inatoka na mvuke wakati wa kuchemsha. Kwa hiyo twanga mpaka yalainike, chemsha muda mrefu, na mwanzoni acha sufuria bila kifuniko. Mtu akikuambia dakika kumi zinatosha sababu makala imepanda bei, usimusikilize.