HESABU ZA NYUMBANI: CHAKULA CHA MBWA

Maneno ya somo letu la redio yamepigwa chapa hapa ili uyasome mwenyewe, polepole, baada ya kuyasikia. Chukua kalamu na daftari. Neno usilolielewa lipigie mstari, kisha umwulize mwalimu wa darasa lako.

Leo tutafanya hesabu ya mbwa. Labda utacheka na kusema, “Mbwa hula makombo, na makombo hayana bei.” Hebu tufikiri pamoja. Siku ambayo nyumba haikubakiza kitu, mbwa atakula nini? Atatoka. Atakwenda jalalani, machinjioni, au kwenye mabanda ya kuku wa jirani. Huko atapata ugonjwa, au atapata ugomvi na kukuletea wewe. Wala hatakuwapo nyumbani usiku, na wewe ulimfuga alinde. Basi, chakula cha mbwa kina gharama. Usipoilipa sokoni utailipa mahali pengine.

Mbwa anahitaji nini?

Tumchukue mbwa mzima wa kilo 20, asiye na mimba wala asiyenyonyesha. Anahitaji chakula cha kumpa nguvu, kama unga wa mahindi. Anahitaji pia chakula cha kujenga mwili, kama dagaa, samaki au nyama. Kwa siku moja mpe hivi:

Unga wa mahindi: gramu 200.
Dagaa wakavu: gramu 100.

Pika ugali laini pamoja na dagaa. Usitie chumvi wala pilipili. Gawa chakula mara mbili, asubuhi na jioni, na maji safi yawepo siku zote.

Kama huna mizani, nenda dukani na kopo lako. Mwombe mwenye duka akupimie gramu 200 za unga humo, kisha weka alama ya msumari mahali unga ulipofika. Fanya vivyo hivyo kwa dagaa, katika kopo la pili. Tangu siku hiyo makopo yako ndiyo mizani yako.

Hesabu ya mwezi

Mwezi tuuhesabu siku 30. Gramu 200 mara 30 ni gramu 6,000, yaani kilo 6 za unga. Gramu 100 mara 30 ni gramu 3,000, yaani kilo 3 za dagaa.

Sasa tutie bei. Bei zilizomo katika somo hili ni za mfano tu. Wewe utaweka bei za soko lako.

Mfugaji wa kwanza yuko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Unga kilo moja ni Sh. 1,500. Dagaa kilo moja ni Sh. 8,000.

Unga: 6 × 1,500 = Sh. 9,000
Dagaa: 3 × 8,000 = Sh. 24,000
Jumla kwa mwezi: Sh. 33,000

Mfugaji wa pili yuko Dodoma. Unga kilo moja ni Sh. 1,300. Dagaa kilo moja ni Sh. 12,000.

Unga: 6 × 1,300 = Sh. 7,800
Dagaa: 3 × 12,000 = Sh. 36,000
Jumla kwa mwezi: Sh. 43,800

Mbwa ni wa uzito mmoja na chakula ni kile kile, lakini mfugaji wa Dodoma anazidi kulipa Sh. 10,800 kila mwezi. Kwa nini? Dagaa huvuliwa ziwani. Kufika Dodoma husafiri kwa lori zaidi ya kilometa 600. Mwenye lori hulipwa, mchukuzi wa magunia hulipwa, na kila mchuuzi njiani huongeza faida yake. Mbali na ziwa, hayo yote huingia katika bei ya kilo moja.

Unga nao una majira yake. Katika nchi yenye mvua ya msimu mmoja, kama Dodoma, mahindi huvunwa karibu na Mei, Juni na Julai. Wakati huo bei hushuka. Kabla ya mavuno, ghala zikiwa zimepungua, bei hupanda. Mwenye akiba kidogo na mahali pakavu pa kuwekea na anunue wakati wa mavuno.

Fuata chakula cha mahali pako

Mfugaji wa Dodoma afanye nini? Asimpunguzie mbwa chakula kabla ya kuangalia kilichopo karibu naye. Dodoma ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, na bucha zipo. Aulize bei ya mapafu.

Lakini angalia sana hapa. Dagaa ni wakavu, na mapafu yana maji mengi. Kilo moja ya mapafu haitoshi mahali pa kilo moja ya dagaa. Zinatakiwa kilo 3 na zaidi kidogo. Kwa hiyo, akiacha kilo moja na nusu ya dagaa, anunue kilo 5 za mapafu kwa mwezi. Tuseme mapafu ni Sh. 2,500 kwa kilo.

Unga: Sh. 7,800
Dagaa: kilo 1½ × 12,000 = Sh. 18,000
Mapafu: 5 × 2,500 = Sh. 12,500
Jumla kwa mwezi: Sh. 38,300

Ameokoa Sh. 5,500 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni Sh. 66,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, mfugaji wa Mwanza naye amwige? Kwake kilo moja na nusu ya dagaa ni Sh. 12,000. Kilo 5 za mapafu kwa bei ile ile ni Sh. 12,500. Akimwiga atapata hasara ya Sh. 500 kila mwezi. Shauri jema la Dodoma si lazima liwe jema Mwanza. Kila mtu apige hesabu ya soko lake.

Rahisi ni ghali

Yapo mambo manne yanayoonekana kuwa ni ya bure, lakini mwisho wake ni gharama.

La kwanza ni mahindi yenye ukungu. Usiseme, “Haya hayafai watu, tumpe mbwa.” Ukungu unaweza kuleta sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Sumu hiyo huharibu ini la mbwa kama iharibuvyo ini la mtu.

La pili ni mapafu na maini mabichi. Pengine ndani yake mna uvimbe wenye maji, na katika maji hayo mna wadudu wadogo. Mbwa akiula hupata minyoo. Mayai ya minyoo hutoka na mavi yake, yakafika katika mikono ya watoto na katika chakula. Mtu naye huota uvimbe ndani ya ini au mapafu, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa hospitali. Huko Turkana, Kenya, watu wengi wameugua hivyo. Kwa hiyo chemsha nyama hizo angalau nusu saa tangu maji yaanze kutokota.

La tatu ni mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma koo au utumbo. Na makombo ya mchuzi wenye vitunguu vingi hudhuru damu ya mbwa.

La nne ni pumba tupu. Pumba hujaza tumbo, lakini hazijengi mwili. Mbwa wa pumba hukonda, na mbwa mwenye njaa hutanga.

Usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na dawa ya minyoo. Mwulize bwana mifugo bei, ugawe kwa 12, uitie katika hesabu ya mwezi.

Sasa jiulize swali kubwa: mapato yangu yanatosha mbwa wangapi? Mbwa wawili kwa hesabu ya pili ya Dodoma ni Sh. 76,600 kwa mwezi. Ikiwa fedha hizo zitatoka katika unga wa watoto, fuga mmoja, umlishe vizuri. Mbwa mmoja aliyeshiba hulinda nyumba kuliko watatu wenye njaa.

Kazi ya nyumbani

1. Andika bei ya kilo moja ya unga na ya dagaa katika soko lako.
2. Zidisha unga kwa 6 na dagaa kwa 3. Jumlisha.
3. Taja chakula kimoja cha mahali pako kinachoweza kupunguza gharama. Onyesha hesabu.
4. Kwa nini dagaa ni ghali mbali na ziwa? Jibu kwa sentensi mbili.

Leteni majibu darasani. Kumbukeni, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.