Kijana wenu anasoma Kampala? Mwacheni apate marafiki

Ndugu wazazi na viongozi, tunapomchangia kijana aende kusoma Kampala, tunamwagiza: "Soma tu, usizurure." Nami niliagizwa hivyo. Miezi ya kwanza nilikaa na Wakongomani tu. Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Huko wanafundisha kwa Kiingereza. Hata Kiswahili hakikunisaidia sana, maana wazee wengi walikihusisha na askari wa Idi Amin, aliyetawala 1971 hadi 1979. Nilianza kwa kumsalimu "oli otya" muuza roleksi (chapati iliyokunjwa na mayai, tamu kweli!), kisha nikaingia mpira wa jioni. Nilipougua malaria, wachezaji hao ndio walionipeleka hospitali. Basi kijana akiwaambia kwenye simu kwamba alicheza mpira, msimkaripie. Muulizeni majina ya wenzake.